Picha inatokea nusu, chini kijivu tupu

SWALI: Kaka za kazi. Nimetengeneza kasistimu ka duka la vipuri vya magari hapa Kariakoo, natumia databesi ya MySQL, picha nazisevu humohumo ndani, kolamu ya BLOB (aina ya kolamu ya kuwekea mafaili kama picha). Zile ndogo ziko poa ila nilizotumiwa WhatsApp zinatokea nusu, chini kijivu tupu, na za kamera ya simu ndo kabisa, kamstari tu juu. Eraa hamna. Jamaa wananiambia nizitoe zote nje ya databesi. Nifanyeje?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Mdogo wangu, hizo picha zimekatwa. BLOB ya MySQL mwisho wake baiti 65,535, haifiki hata 64KB, sasa picha ya 130KB inaingia nusu na ya MB 3 ndo hako kamstari. Seva ilitakiwa igome, ila strikti modi (mpangilio wa kukataa data isiyoenea) ikiwa imezimwa inabeba kinachoenea, kingine inatupa, inakuachia woningi ambayo nani anaisoma? Toka toleo la 5.7 modi hiyo inakuja imewashwa, kwa hiyo ama seva yako ya kitambo ama kuna mtu kaizima. Iwashe leo. Halafu badili kolamu iwe MEDIUMBLOB, inabeba mpaka MB 16, na uangalie max_allowed_packet (kikomo cha ukubwa wa kitu unachoituma seva kwa mara moja) isiwe ndogo kuliko picha zako. Zilizokatwa hazirudi, ni kuzipandisha upya.

Kuhusu kuzitoa nje, jamaa zako wako sahihi nusu. Mwaka 2006 watu wa Microsoft Research walipima hili kwa SQL Server, databesi ya kwao, wakakuta kitu chini ya 256KB kinakaa vizuri zaidi ndani ya databesi, kikizidi MB 1 faili la kawaida linashinda, katikati hapo inategemea. Mi ningekuwa wewe picha za kamera zingeenda kwenye folda, databesi ibaki na njia ya faili tu, ila ujue sasa una bakapu mbili na ukifuta bidhaa picha yake inabaki yatima huko kwenye folda mpaka uifute mwenyewe. Risiti zilizosainiwa, kama unazo, ziache ndani, hizo ziingie pamoja na mauzo yake au zisiingie kabisa.

Na kama kwenye orodha ya bidhaa unatumia SELECT * (amri ya kuvuta kolamu zote), itoe, inavuta picha zote wakati mteja anataka bei ya brekipedi.