Maswali ya Wasomaji: Chuma cha Kunolea na Kisu Kinachoponda Nyanya

SWALI: Mwaka jana nilinunua seti ya visu vya jikoni iliyokuja na chuma kirefu cha mviringo chenye mpini. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikipitisha kisu mara chache kwenye chuma hicho na kinakata vizuri, lakini sasa hata nikisugua dakika nzima, nyanya za kachumbari zinapondeka. Mume wangu anasema chuma kimekwisha na tununue kingine. Je, ni kweli? Na je, kinafaa kwa kisu cha Kijapani alicholetewa dada yangu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yetu, usitoe fedha kwanza. Kwa maelezo yako, chuma hicho huenda hakina kasoro yoyote. Jina lake ndilo linalotuponza, kwa kuwa tunakiita chuma cha kunolea ilhali kazi yake kubwa si kunoa bali ni kunyoosha. Makali ya kisu ni membamba mno, na kila yanapogonga kibao au mfupa hulala kidogo upande mmoja, kiasi kisichoonekana kwa macho lakini kinachotosha kukifanya kisu kiteleze juu ya ganda la nyanya. Ukikipitisha kwenye chuma, makali yaliyolala husimama tena, na ndiyo maana miezi ile ya mwanzo ulipata nafuu papo hapo. Tatizo ni kwamba makali hayalali tu, bali pia hulika, na yakishalika yakawa mviringo hakuna tena cha kunyoosha, hata ukisugua hadi jioni.

Kipime kisu chako hivi: kishike chini ya taa, makali yakitazama juu, kisha kiinamishe polepole huku na huku. Makali mazuri hayarudishi mwanga, lakini yaliyolika huonyesha uzi mwembamba mweupe unaometa, mara nyingi katikati ya kisu, mahali panapogusa kibao zaidi. Ukiuona uzi huo, kisu kinahitaji kinoo cha jiwe. Kinoo cha namba 1000 (namba huonyesha ulaini wa jiwe) kinatosha kwa kisu cha nyumbani kisichomeguka. Kile cha pande mbili kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kinafaa pia, mradi umalizie upande wake laini. Bibi zetu walitumia kitako cha kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyopakwa rangi ya kung'aa, na mpaka leo ninaitumia ninapokuwa ugenini.

Kisu kikishanolewa, chuma chako kitarudi kazini, na hapo namna ya kukitumia ina uzito kuliko bei yake. Achana na mtindo wa muuza nyama anayegonganisha kisu na chuma hewani kwa kasi. Yeye amefanya hivyo miaka mingi, nawe una vidole kumi tu. Simamisha chuma wima, ncha yake ikiwa juu ya kitambaa kilichotandikwa mezani ili isiteleze. Weka kisu kikiwa kimelala sambamba na meza, makali yakigusa chuma, yaani nyuzi 90; inua mgongo wake hadi nusu ya pembe hiyo, kisha nusu tena, nawe utakuwa karibu na nyuzi 20 zinazofaa visu vingi vya Kizungu. Anzia juu ya chuma kwa sehemu ya makali iliyo karibu na mpini, ukishusha kisu huku ukikivuta kuja kwako, hadi ncha ya kisu ifike chini. Badilisha upande kila mara, na mara nne hadi sita kwa kila upande zinatosha. Usikandamize, kwa sababu mkono mzito hukunja makali ambayo ulikusudia kuyanyoosha, na nashuku kwamba ile dakika nzima ya kusugua imechangia hasara. Ukimaliza, futa kisu kwa kitambaa chenye unyevu, maana chembe za chuma hubaki kwenye makali na zitaishia katika kachumbari.

Kuhusu kisu cha dada yako, asikiguse kwa chuma hicho kama kina mistari. Visu vingi vya Kijapani hutengenezwa kwa chuma kigumu zaidi, ambacho kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell hufika 60 au kuzidi, wakati vya Kijerumani vingi huwa kati ya 56 na 58. Chuma kigumu hutunza makali kwa muda mrefu, lakini hakikunjiki kwa urahisi: kikilazimishwa, humeguka vipande vidogo kama meno ya msumeno. Atumie kinoo cha maji, yaani jiwe linalonoa likiwa limeloa, au fimbo ya kauri iliyo laini, kwa mkono mwepesi na kwa pembe ya nyuzi 15 hivi. Fimbo ya kauri ikishaweka weusi aisugue kwa sabuni ya unga ya kusafishia masufuria, na aiweke mahali salama, kwa kuwa ikianguka sakafuni huvunjika kama sahani.

Mumeo naye ana hoja kidogo. Pitisha ukucha kuzunguka chuma chako: ukikwama kwenye tundu au kovu, hapo kweli kitafutie mbadala. Mistari yake ikiwa imesuguka tu na kuwa laini, endelea nacho, kwa sababu chuma laini hunyoosha vizuri tu.