Anasoma au amekariri?

SWALI: Nafundisha darasa la pili, watoto 64. Wapo wanaosoma ukurasa wa kitabu bila kusita, lakini maneno yale yale nikiyaandika ubaoni katika sentensi mpya, wanakwama. Nimewapima kwa kuwasomesha kitabuni, wengi wamefaulu. Nakosea wapi?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, hapo umepima kumbukumbu. Ukurasa ulioimbwa na darasa zima kwa wiki nzima hukaa kichwani, na picha humalizia palipobaki.

Mtoe mtoto kitabuni. Andaa orodha mbili: maneno 10 anayoyajua (kitanda, mbuzi, mwalimu, ng'ombe…) na 10 ya kubuni yenye silabi za Kiswahili: leju, fota, nyishu, kwedi, mbafe. Mwambie kabisa kwamba hayo ya pili hayana maana, la sivyo "fota" ataigeuza "futa". Kila orodha dakika moja, mtoto mmoja mmoja, mbali na wenzake. Akikwama sekunde 3, mwonyeshe linalofuata. Matano ya kwanza yakimshinda yote, acha. Huyo mpime silabi.

Usiishie kwenye vema na mkasi. Andika alichotamka, maana ndicho kitakachokuelekeza. Aliyesoma "kitabu" penye "kitanda" ameona mwanzo akabahatisha mwisho: mpe kitabu, kitanda na kitambaa pamoja, asome huku kidole kikifuata kila silabi. Aliyesema "ki-ta-nda" sawasawa kisha akanyamaza, silabi anazo, kuunganisha hawezi. Huyo kadi za silabi hazitamsaidia. Tamka wewe silabi polepole, yeye aseme neno, kwa mdomo tu, kabla ya kurudi kwenye maandishi. "Malimu" badala ya "mwalimu" inadai mwa, kwa, bwa zifundishwe upya. Ila "lafiki" kwa "rafiki", kama ndivyo anavyozungumza, mpe alama yake: hiyo ni lafudhi. Aliyejisahihisha naye amepata.

Anza na watoto kama 15 unaowatilia shaka zaidi, watano kwa siku. Kisha wapange kwa aina ya kosa, si kwa alama; wawili waliopata 4 kati ya 10 wanaweza kuhitaji masomo tofauti kabisa. Kila kundi dakika 10 kwa siku, wengine wakiandika.

Baada ya wiki tatu au nne pima tena, kwa maneno mapya ya kubuni. Yale ya kwanza yatakuwa yameshazoeleka uwanjani.