Jibu: Nimekwama kwenye riwaya ya upelelezi ya kijiji cha Ayalandi

Salama ndugu. Umesema umefika ukurasa wa 60 na bado hujui nani ni nani, wala huyo "Garda" ni mlinzi wa geti au nani. Ni polisi. Garda Síochána ndiyo polisi ya Ayalandi, na askari asiye na cheo huitwa Garda tu. Wakiwa wengi, gardaí.

Kabla hujarudi mwanzo, angalia kwanza majina ya ukoo. Mimi nilisoma nusu ya kitabu kingine cha aina hiyo nikidhani Ó Briain na Ní Bhriain hawahusiani, kumbe baba na bintiye! Ó ni ya mwanamume, Ní ya binti, na herufi inayofuata nayo hubadilika. Mambo ya urithi wa shamba yakiingia, hapo ndipo utapotea kabisa.

Majina ya kwanza usiyasome yalivyoandikwa: Niamh ni "Niiv", Siobhán ni "Shivon". Mimi niliyaandika kwa penseli ndani ya jalada.

Halafu wakisema "yer man" pale baa, si mume wa mtu, ni "yule jamaa" tu. Chako sijakisoma, kwa hiyo muuaji simjui.