Entebbe au Nairobi: anza na usingizi, mshahara baadaye

Ndugu uliyeuliza juzi: una ofa ya rubani msaidizi, kampuni inakuachia uchague kituo kati ya Entebbe na Nairobi, familia iko Ntinda, Kampala, na Nairobi wanaongeza kidogo kwenye mshahara. Wengi wamekushauri ulinganishe pesa. Mimi naomba kwanza uwaombe wakuonyeshe rosta halisi (ratiba za zamu) za miezi 3 iliyopita, za marubani wa daraja lako, kwa kila kituo. Usikubali rosta ya mfano.

Kituo ndipo saa zako za kazi zinapoanza kuhesabiwa. Kampuni ikikutuma mji mwingine kuchukua ndege, ukakaa nyuma kama abiria, hiyo ni kazi. Lakini mwendo wa kutoka nyumbani hadi kituoni ni juu yako, na unakula pumziko lako. Ukichagua Nairobi huku familia ikibaki Ntinda, saa nzima na zaidi angani, pamoja na foleni za uwanjani, zote zinatoka kwenye usingizi wako.

Fanya hesabu ndogo. Rosta nyingi huandikwa kwa saa za Zulu, yaani saa za dunia (UTC) zenye alama ya Z, na hapa kwetu tunaongeza 3. Ndege ya 0330Z inaondoka saa 12:30 asubuhi, na unaripoti saa moja kabla, yaani saa 11:30 alfajiri. Ukiwa umepanga Kitooro, hapo hapo Entebbe, robo saa inatosha kufika na dakika 45 za kujiandaa, kwa hiyo unaamka saa 10:30. Kutoka Ntinda unashika Northern Bypass hadi Busega, kisha Expressway, barabara ya kulipia, hadi Mpala. Alfajiri barabara ni nyeupe na mwendo ni kama saa moja, lakini weka nusu saa ya akiba ya pancha au lori lililokwama. Unaamka saa 9:15 usiku. Tofauti ni saa 1 na robo, tena katikati ya kipindi cha saa 8 usiku hadi saa 12 asubuhi, wakati mwili unadai usingizi kuliko wakati wowote. Ukiwa na zamu 10 za namna hiyo kwa mwezi, umepoteza saa 12 na nusu za usingizi. Zamu za alfajiri zikifuatana tatu au nne, ndipo mtu anasoma vibaya kibali cha mnara wa kuongozea ndege, au kwenye altimita, kipima urefu wa ndege, anaweka namba ya uwanja alikotoka.

Ada ya Expressway kwa gari dogo ni shilingi 5,000 kila upande. Siku 18 za kazi ni 180,000 kabla ya mafuta. Iweke pembeni ya tofauti ya kodi ya nyumba kati ya Ntinda na Entebbe, mara nyingi utaona kuhamia Entebbe si ghali kama inavyodhaniwa.

Stendibai, yaani siku za kukaa tayari kuitwa kazini, ndiyo inayosahaulika zaidi. Uliza: baada ya kupigiwa simu, natakiwa niripoti ndani ya dakika ngapi? Wakisema 90, aliye Kitooro anakunywa chai yake nyumbani. Aliye Ntinda, Ijumaa jioni, hafiki. Na aliyechagua Nairobi hawezi kabisa kukaa stendibai Uganda. Lazima awe na kitanda huko. Marubani wengi hupanga nyumba moja watu 4 au 5, kila mtu anakuja kwa zamu yake. Hapo angalia uwanja: ukipewa Jomo Kenyatta, Syokimau ni sawa, ukipewa Wilson, tafuta upande wa Lang'ata, kwa sababu kuvuka Nairobi asubuhi kunarudisha tatizo lile lile ulilokimbia.

Tiketi ya bei nafuu ya wafanyakazi wa ndege isikudanganye. Unapanda kama kuna kiti, na Desemba au wikendi ndefu viti hakuna. Kanuni inayofaa: panda ndege ambayo nyuma yake kuna nyingine itakayokufikisha bado ukiwa na saa zote za pumziko kabla ya kuripoti. Maana yake, kwa zamu ya alfajiri unaondoka jana yake mchana. Basi la usiku kupitia Busia au Malaba si akiba. Ukishuka hapo hufai kurusha kitu.

Sasa pesa. Kama sehemu ya malipo ni kwa saa za bloku, yaani tangu ndege inapoanza kujisogeza hadi inaposimama kwenye maegesho, urefu wa miruko una maana kubwa. Zamu ya miruko 4 ya Entebbe–Nairobi, kila mmoja saa 1 na dakika 10, inakupa saa 4:40 za bloku. Ongeza saa moja ya mwanzo, mapumziko 3 ya dakika 45 ya ndege kusimama kati ya miruko, na nusu saa ya kufunga: umekuwa kazini saa 8:25. Kwenda na kurudi Johannesburg, takriban saa 4 kila upande, ni bloku 8 ndani ya saa 10 na nusu. Ya kwanza inalipa kama asilimia 55 ya muda wako, ya pili 76. Kwa hiyo uliza kila kituo kinapewa ruti zipi. Ila kwa rubani mpya miruko mifupi inafundisha: kutua mara nne kwa siku ni shule.

Nairobi itakufundisha pia joto na mwinuko. Wilson iko futi 5,500 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo siku ya nyuzi 25 ndege inahisi iko kama futi 8,000. Entebbe, futi 3,782, kwa nyuzi 26 inahisi kama 6,000. Kwa upande wetu shida ni ziwa: ngurumo za Victoria hukolea usiku hadi alfajiri, saa ile ile ya ndege ya kwanza.

Kodi: ukikaa Uganda siku 183 ndani ya miezi 12, URA, mamlaka ya kodi, wanakuhesabu mkaazi, na hata chini ya hapo ukiwa na makazi ya kudumu. Muone mhasibu kabla ya kusaini. NSSF ya hapa, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 10 ya mwajiri na 5 yako, uliza kama itaendelea ukiwa Nairobi.

Mwisho, soma kifungu cha kubadilisha kituo. Kama kampuni inaweza kukuhamisha, iandikwe notisi ya siku ngapi, nani analipia mizigo, na hoteli ya usiku wangapi mpaka upate nyumba. Kama hakipo, omba kiandikwe kabla hujaweka sahihi.