Maswali yenu kuhusu kigong'ota wa jangwani

Tangu nimtaje hapa kigong'ota wa Gila, ndege wa Jangwa la Sonora lililopo Marekani na Meksiko, mmeniandikia sana. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia.

Jangwani miti ni ya kutafuta. Anagong'ota nini? (Msomaji, Singida)

Anagong'ota dungusi, ndugu yangu. Huko kuna saguaro, tamka "sawaro", dungusi linalosimama kama nguzo na kuinua mikono juu, na linaweza kupita mita 12. Ndani lina nyama laini iliyojaa maji. Kwa mdomo wa kigong'ota, hiyo ni kazi nyepesi kuliko kuchimba mti mkavu.

Nikimwona nitamjuaje? (Mwanafunzi, Eldoret)

Mtazame mgongo: michirizi myeusi na myeupe, kama punda milia. Kichwa, shingo na kifua ni kahawia iliyopauka. Dume ana kofia ndogo nyekundu utosini, jike hana. Urefu wake ni kama sentimita 23, na akiruka utaona baka jeupe kwenye kila bawa.

Mashimo yote hayo hayaui dungusi? Naona kama mharibifu tu. (Mkulima, Mbeya)

Hapana, mzee wangu, na hapa namtetea kwa moyo wote. Saguaro likijeruhiwa hutoa utomvu, nao hukauka na kuwa gamba gumu linalozunguka tundu zima, hivyo maji hayavuji. Ndege naye ana subira. Akishachimba, huliacha tundu likauke kwa miezi kadhaa ndipo ahamie. Yupo binamu yake mkubwa anayechimba juu karibu na kilele na kukata mpaka mbavu za ndani. Huyo ndiye anayeweza kulidhoofisha dungusi. Wa Gila kwa kawaida huishia kwenye nyama.

Sasa sikia linalonishangaza kuliko yote. Saguaro likifa na nyama ikaoza, gamba lile hubaki mchangani likiwa zima, na mdomo wake na tumbo lake, mfano wa kibuyu. Liokote, ligeuze mkononi, utadhani limechongwa na fundi. Wenyeji wa jangwa hilo, Wao'odham, waliyatumia magamba hayo kama vyombo vya kuhifadhia vitu.

Ndani ya tundu mchana kuna ubaridi kuliko nje, na usiku kuna joto kuliko nje. Jike hutaga mayai 3 hadi 5, na wazazi hupokezana kuyaatamia kwa takriban wiki mbili. Wakishahama, nyumba haikai tupu. Huingia bundi mdogo kuliko wote duniani, mwenye sentimita kama 13 tu, ambaye hana uwezo wa kuchimba tundu lake mwenyewe. Ndege wengine, mijusi na hata nyoka nao hupata hifadhi humo.

Anakula nini? (Msomaji, Bujumbura)

Wadudu, matunda ya saguaro yanayoiva mwanzoni mwa kiangazi na kumpa maji pia, mbelewele na asali ya maua. Akipata mayai ya ndege wengine au mjusi mdogo, hula.

Kichwa hakimuumi? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Waambie watoto kwamba zamani ilidhaniwa fuvu la vigong'ota lina kitu kama sponji cha kupunguza kishindo. Mwaka 2022, Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp na wenzake walichambua video za kasi za vigong'ota wa aina nyingine, wakaona kwamba fuvu hufanya kazi kama nyundo ngumu. Kinachowaokoa ni udogo wa ubongo: pigo haliufikishi kwenye madhara.

Nipo Tucson. Kila alfajiri mmoja anagonga bati la nyumba yangu. Nimfanyeje? (Msomaji, Arizona)

Usimpige, maana sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inamlinda. Hatafuti chakula kwenye bati. Anatangaza kwamba eneo hilo ni lake, na bati linapeleka sauti mbali kuliko dungusi. Funika sehemu anayoigonga kwa kitambaa kinene. Na kwa kuwa upo huko huko, toka asubuhi utazame saguaro lililo karibu nawe: ukiona tundu la mviringo, ngoja kimya, huenda kofia nyekundu ikachungulia.