Mashua ya Paasilinna na pikipiki ya mwenzetu

Mmeuliza eti mtu aache kazi ya mshahara afuate kipaji, na mfano mkatupa wa yule Mfini, Arto Paasilinna, mwandishi wa habari aliyeuza mashua yake akaandika Jäniksen vuosi (Mwaka wa Sungura), riwaya ya 1975 iliyompa jina dunia nzima. Mimi nasema hapana, na jamani msiwaponze vijana.

Nimefanya kazi chumba cha habari mkoani, sisi tunaolipwa kwa stori. Mwenzetu mmoja aliingiwa na moto huohuo wa riwaya, akauza pikipiki aliyokuwa anafuatia stori vijijini. Siku ya kuuza nilikuwepo. Mnunuzi, kijana wa boda, anapiga kiki inagoma, anapiga tena inagoma, jamaa anamwambia vuta choki kwanza kaka, maana ile ya asubuhi bila choki haiwaki, basi mnunuzi akashusha bei palepale na mwenzetu wala hakubisha, akili ishahamia kwenye kitabu, anachungulia tu kama mfuko wa kushoto hajasahau leseni. Akahamia kwa shemeji yake. Sura ya nne hela kwisha, kurudi kwenye stori hana usafiri, na mhariri keshampa mtu mwingine kata zake.

Mashua bwana ni ya kutembelea, pikipiki ni jembe. Halafu Paasilinna alikuwa ameshatoa riwaya tangu 1972, na hata baada ya kufanikiwa aliendelea kuandika safu magazetini. Huko Lapland, kaskazini mwa Finland, kabla ya magazeti alikata miti, kwa hiyo msitu aliujua. Anayeacha kila kitu ni Vatanen, ripota wa kwenye riwaya, gari alilopanda na mpigapicha linamgonga sungura, anashuka kumfuata porini na ndo harudi tena kwa mke wala kazini. Watu wanasoma ya Vatanen wanadhani ndio maisha ya mtunzi.

Ila hapa naandika nakumbuka zile sura nne za mwenzetu, alinipa nikasoma. Kuna mwenyekiti wa kijiji anahesabu mbuzi wa marehemu msibani, kila akihesabu wanapungua, nilicheka mpaka nikaulizwa vipi. Kwa stori zetu za semina na ziara za wakubwa asingeandika vile hata kidogo.

Haya, aache basi. Lakini awe hana ada za watoto muhula huo, chombo cha kazi asiuze, na akiuza ashike hela yote mkononi, yule wa boda mpaka leo hajamalizia.