Kwa nini asishike kamba?

SWALI: Shikamoo mzee wa mieleka. Kibanda umiza chetu hapa Kirumba kila siku ni ubishi. Mtu akivutwa mkono na kurushwa kwenye kamba, kwa nini anarudi mbio kupigwa? Si ashike kamba tu?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anarudi kwa sababu wawili hao wanasaidiana, na mshindi amepangwa. Mbio zake ndizo zinazolipa pigo uzito machoni. Hata anayebebwa juu huruka kidogo mwenyewe; kilo mia na ushee haziinuliki hivi hivi. Ndiyo maana mimi humtazama anayepigwa. Amekanyagwa goti mwanzoni, je, mwishoni bado anachechemea? Akisahau, pambano limeniharibikia.

Lakini kuumia kupo. Kwenye SummerSlam, onyesho kubwa la mieleka Marekani, Agosti 1997, mwanamieleka Owen Hart alimgeuza mpinzani wake Steve Austin kichwa chini, akaketi naye. Kichwa kikagonga ulingo, shingo ikaumia, Austin akashindwa kujisogeza. Tazameni kipande kile: Hart anachokoza watazamaji ili mwenzake apate muda, kisha anakubali kukunjwa na mtu asiye na nguvu kabisa, mpaka refa anahesabu tatu na Austin anapewa ushindi.